Wendland haikutunzwa, ilisahaulika

Tangu 2024 huko Gorleben, kijiji kidogo cha eneo la Wendland karibu na mto Elbe kaskazini mwa Ujerumani, kazi inayoendelea ni kufukia shimo. Chumvi waliyoichimba chini kabisa, zaidi ya mita 800, ikakaa juu miaka na miaka kama mlima wa tani 400,000 hivi, inarudishwa ilikotoka, na mgodi uliotakiwa uje kuwa kaburi la taka kali za nyuklia za nchi nzima unafungwa moja kwa moja. Habari hii inazunguka mtandaoni kwa namna mbili na zote mbili naona zimekosea. Kuna wanaosema wanakijiji wameishinda serikali, stori imeisha, kila mtu arudi shambani kwake. Halafu kuna sisi Waswahili tulioko huku Ulaya, tunaposti picha za vijiji vya eneo hilohilo, nyumba za mbao zimekaa duara utadhani zimechorwa, chini tunaandika "wenzetu wanajua kutunza urithi, sisi kazi yetu kubomoa".

Mimi nasema hivi: lile eneo kwa sehemu kubwa ya historia yake halikutunzwa na mtu, lilisahaulika. Umaskini na mpaka uliozitenga Ujerumani Mashariki na Magharibi ndivyo vilivyoziacha zile nyumba zikasimama, na umaskini huohuo na mpaka huohuo ndivyo vilivyowafanya wakubwa walitazame kwenye ramani wakasema hapa ndo pa kutupia taka. Ukisifia nyumba bila kutaja mgodi, au ukisherehekea kufungwa kwa mgodi bila kuuliza nini kiliuleta pale, hujaelewa hata kidogo, na hutaona pia kwamba hatari ya safari hii inatoka upande mwingine kabisa.

Tuanze na wilaya yenyewe. Lüchow-Dannenberg, wenyewe wanaiita Wendland, iko jimbo la Niedersachsen, iliundwa 1932 kwa kuunganisha wilaya mbili, na ndiyo wilaya yenye watu wachache kuliko zote Ujerumani, hawafiki 50,000 kwenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Hamna autobahn, barabara kuu ya kasi, hata moja inayopita humo. Treni ya Dannenberg inatoka Lüneburg na mwisho wake ni hapohapo, haivuki ng'ambo, maana daraja la reli la Dömitz lilipigwa mabomu Aprili 1945 na mpaka leo halijajengwa, limebaki gofu la chuma upande wa magharibi linaishia hewani. Daraja la barabara lililopigwa wakati uleule lilirudishwa 1992, yaani watu walisubiri karibu nusu karne.

Na kabla mtu hajasema haya yanatuhusu nini, Hitzacker, mji mdogo wa wilaya hiyo, ndiko alikozaliwa 1926 Claus von Amsberg, ambaye wazazi wake walimchukua akiwa mdogo wakaenda kuishi Tanganyika kwenye mambo ya mashamba, akasoma mpaka bweni kule, baadaye akamuoa Beatrix wa Uholanzi 1966 na dunia ikamjua kama Prince Claus. Vuka Elbe, si mbali, unafika Neuhaus, na hapo alizaliwa 1856 mtoto wa mchungaji anaitwa Carl Peters. Ndiyo, huyohuyo Mkono wa Damu wa vitabu vyetu vya historia, aliyekuja Usagara 1884 na mikataba yake ya kitapeli. Sisemi ukitoka pembezoni lazima uwe Peters, ila hizi sehemu tulivu za picha nzuri ndizo zilizokuwa zinasukuma watoto wao nje wakatafute ukubwa kwingine, na gharama ya ukubwa huo tunaijua sisi.

Sasa turudi kwenye vijiji. Wenyewe wanaviita Rundlinge. Katikati kuna uwanja wa wazi, nyumba zimeuzunguka zote zimeuelekezea uso, na nyuma ya kila nyumba kiwanja kinapanuka kwenda nje kama kipande cha pai, bustani, miti, halafu mashamba. Zamani njia ya kuingilia ilikuwa moja tu. Kanisa kama lipo mara nyingi liko nje ya duara, maana kijiji kilitangulia kanisa likafuata. Nyumba zenyewe ni kubwa ajabu, watu na ng'ombe walikaa chini ya paa moja, kuna mlango mpana mbele wa kupitisha mkokoteni umejaa majani, na juu ya mlango kuna boriti ndefu iliyochongwa maandishi. Pale Satemin, kimoja cha vijiji hivyo, nilisimama chini ya boriti moja mpaka shingo ikauma: jina la mume, jina la mke na ukoo wake aliotoka, mstari wa Biblia, jina la fundi seremala, tarehe na mwaka. Yaani hati ya nyumba imeandikwa kwenye nyumba yenyewe, mpita njia yeyote asome nani alijenga na nani alimuoa nani.

Hapo ndipo watu wanapoanza kusema uongo mtamu. Utasikia eti hivi ni vijiji vya kale vya Waslavi, walikaa duara ili kujilinda na mbwamwitu na maadui, na vimebaki vilevile miaka mia nane. Hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote na ajabu ndiyo inayouza. Duara lisilo na ukuta linamzuia nani, adui anayeweza kupita kwenye bustani ya nyuma? Halafu kama lingekuwa umbo la Waslavi tungelikuta limejaa kule mashariki walikotoka, lakini halipo, lipo kwenye ukanda mwembamba tu ambapo Wajerumani na Waslavi walikutana. Mwanajiografia Wolfgang Meibeyer, ambaye ameyachambua haya maisha yake yote, anaona vilipangwa karne ya 12 chini ya watawala wa Kijerumani waliokuwa wanawagawia watu ardhi, wengi wao Waslavi, ili walime na kulipa kodi. Kwa hiyo ule urithi safi wa kikabila ni ramani ya ofisi ya ardhi ya enzi hizo, watu wakahamia ndani yake wakaufanya wao. Na kuhusu "vilevile", Satemin hiyohiyo iliungua 1850 ikajengwa upya, nyumba nyingi unazoziona ni za karne ya 18 na 19. Mimi sioni kama hilo linapunguza thamani yake, ila linaua ile dhana kwamba kuna watu walikaa chini karne nane wakilinda kitu.

Maana kile kilichokuwa cha Waslavi kweli hawakukilinda. Lugha yao, ambayo wataalamu wanaiita Kipolabi, ilizungumzwa hapo muda mrefu baada ya kupotea kwingine kote magharibi ya Elbe, mpaka karne ya 18. Mkulima mmoja wa kijiji cha Süthen, Johann Parum Schultze, aliyekuwa pia na kilabu cha pombe, aliandika kumbukumbu zake miaka ya 1720 akasema yeye na watu wengine watatu pale kijijini wakishaondoka, hakuna atakayejua vizuri hata mbwa anaitwaje kwa Kiwendi, yaani lugha hiyohiyo. Akaacha orodha ya maneno. Mchungaji wa Wustrow, Christian Hennig, akaacha kamusi, na yeye ndiye aliyeeleza kwamba wenyeji waliificha lugha yao kwa sababu walichekwa. Basi. Nyumba zipo, lugha haipo. Anayeandika "wenzetu wanajua kutunza" naomba aanzie hapo, kwa sababu mbao hazichekwi na mtu ila lugha ya mkulima inachekwa, na huo mchezo sisi tunaujua vizuri tu.

Kwa nini basi nyumba zilibaki? Jibu ni kitani. Wendland ililima kitani, ikasokota, ikafuma, na vitambaa vyake viliuzwa mbali, ndiyo hela iliyojenga yale majumba makubwa na kulipia ile nakshi. Pamba ya viwandani ilipokuja karne ya 19 biashara ikafa, na viwanda havikuja kuchukua nafasi yake. Kwingine Ujerumani mtu akipata hela alibomoa nyumba ya babu akajenga ya matofali, Wendland hela ya kubomolea haikuwepo. Halafu 1945 ikaja kufunga kazi. Mpaka wa Ujerumani Mashariki ukaizunguka wilaya pande tatu, ikawa kama ulimi umeingia mdomoni mwa jirani, masoko yake ya asili kama Salzwedel na Dömitz yakawa nchi nyingine. Schnackenburg, mji mdogo kuliko yote ya Niedersachsen, ukawa bandari ya ushuru kwenye mto ambao nusu yake ilikuwa na boti za wanajeshi. Ng'ambo hali ilikuwa mbaya zaidi, wakazi wa kijiji cha Rüterberg walizungushiwa uzio mbele na nyuma mpaka tarehe 8 Novemba 1989 wakaamua kujitangaza jamhuri ya kijiji, siku moja kabla ukuta wa Berlin haujafunguka, wangejua wangelala. Upande wa magharibi serikali ya Bonn, mji mkuu wa Ujerumani Magharibi wakati ule, ilitoa ruzuku za mpakani lakini vijana waliondoka tu.

Sasa weka mguu kwenye viatu vya waziri mkuu wa jimbo mwaka 1977. Ernst Albrecht, huyu ni baba yake Ursula von der Leyen, anatafuta mahali pa kujenga kituo kikubwa cha taka za nyuklia na kiwanda cha kuzichakata upya. Kuna eneo lina mwamba wa chumvi chini, juu yake watu wachache na maskini, wanapiga kura za kihafidhina, na mpaka uko hatua chache. Tarehe 22 Februari akaitaja Gorleben. Bado kuna mabishano chumvi ilikuwa na uzito gani kwenye uamuzi ule na siasa ilikuwa na uzito gani, mimi sitajifanya nilikuwepo kwenye kikao, lakini hata mtetezi wake hawezi kusema uchache wa watu haukuwa sifa. Sifa ileile iliyoziacha nyumba.

Kilichofuata ndicho ambacho hesabu za wakubwa hazikukiweka. Wakulima walewale wahafidhina wakawasha matrekta, Machi 1979 wakaenda nayo mpaka Hannover, walipofika umati ulikuwa unakaribia laki moja, na wiki hiyohiyo mtambo wa nyuklia wa Three Mile Island kule Marekani ulikuwa umeharibika, watu wana hofu. Mwezi Mei Albrecht akasema kiwanda cha kuchakata kisiasa hakiwezekani, ila uchunguzi wa mgodi uendelee. Kabaila wa Gartow, Andreas Graf von Bernstorff, mwanachama wa chama kilekile cha Albrecht, akakataa mamilioni ya marki aliyoahidiwa ili auze ardhi iliyo juu ya ule mwamba. Mei 1980 vijana na wazee wakajenga kijiji cha mbao kwenye sehemu ya kuchimbia namba 1004, wakakiita Jamhuri Huru ya Wendland, wakatoa na pasipoti, wakakaa mwezi mmoja mpaka polisi kwa maelfu wakaja kukivunja tarehe 4 Juni. Gerhard Schröder alikuwa kiongozi wa vijana wa chama cha SPD, alikwenda kuwatembelea. Miaka ikapita akawa chansela, na makontena ya Castor, yale ya kubebea taka kali za nyuklia, yakaendelea kupita chini ya ulinzi wake. Hapo hata sina la kuongeza.

Wanaowapinga wana hoja zao na si zote za kupuuza. Hoja nzito ni hii: taka zipo, umeme uliliwa na kila mtu, lazima ziende mahali, na kila kijiji kikisema "si kwangu" basi haziendi popote. Ni kweli kabisa, na kushinda kwa Gorleben hakukuziondoa taka hata kilo. Treni za Castor zilianza kufika 1995 na ya mwisho ilikuja Novemba 2011, na leo makontena 113 ya taka kali yamesimama ndani ya ghala pale pembeni ya mgodi unaofukiwa. Kaburi limefutwa, mwili umebaki sebuleni. Mtu akisema wanaharakati walishinda nusu tu, mimi namkubalia.

Nisichokubali ni ile ya kwamba walikuwa washamba wanaogopa sayansi. Hii iliimbwa miaka arobaini na walioiimba ndo walioshindwa mchana kweupe. Tangu mwanzo wa miaka ya 80 mwanajiolojia Klaus Duphorn, aliyepewa kazi ya kuchunguza tabaka zilizo juu ya chumvi, alionya kwamba kuna mfereji uliochimbwa na barafu za kale ambao umekula udongo wa kinga mpaka kuifikia chumvi yenyewe, maji yana njia. Wakasonga mbele hivyohivyo, zaidi ya yuro bilioni moja na nusu zikaingia shimoni. Kisha Septemba 2020 kampuni ya serikali yenyewe, BGE, inayotafuta eneo la kudumu kwa ramani nyeupe isiyo na jina lililotangulia, ikatoa orodha ya maeneo yanayofaa kuendelea kuchunguzwa, Gorleben haimo. Sababu zilizoitoa ni za miamba, likiwemo hilohilo la kinga ya juu. Mwaka uliofuata wizara ikatangaza mgodi ufungwe. Kwa hiyo mwenye trekta alisoma ripoti vizuri kuliko mwenye ofisi.

Kuna hoja nyingine naona ina haki yake, ya wale wanaosema mbona kuna utunzaji wa makusudi, kuna sheria, kuna makumbusho. Ndiyo. Mwaka 1969 kilianzishwa chama cha kuokoa Rundlinge, maana nyumba zilikuwa zimeanza kuporomoka na nyingine kubandikwa madirisha ya plastiki, na pale Lübeln kuna makumbusho ya wazi ambapo unaona kitani kinavyosokotwa. Lakini tazama mwaka: chama kinakuja wakati umaskini umeshafanya kazi yake karne nzima, na waliojitokeza kununua na kukarabati wengi ni watu wa Hamburg, Hannover na Berlin Magharibi, walimu, wasanii, watu waliofuata bei rahisi na baadaye wakafuata mapambano. Hapa ndo patamu. Mgodi uliokuja kuua eneo ndio uliolipa jina na watu. Maonyesho makubwa ya Kulturelle Landpartie, yanayofanyika kati ya Sikukuu ya Kupaa na Pentekoste tangu 1989, yamezaliwa humohumo kwenye harakati, unaingia uani kwa mfinyanzi kununua bakuli na ukutani bado kuna ile X ya njano, alama ya harakati. Jameln ikafungua 2006 kituo cha kwanza Ujerumani cha kujaza gari gesi itokanayo na mazao, watu walichoka kuambiwa hawana mbadala wa nyuklia.

Kwa hiyo kampeni ya kuviingiza vijiji hivi UNESCO, ambayo imekuwa ikisukumwa miaka mingi, mimi siipingi, napinga inavyojieleza. Vipeperushi vinaongelea duara, mbao na Waslavi, kama vile historia iliisha siku boriti ya mwisho ilipochongwa. Harakati za miaka arobaini hazimo au zimewekwa pembeni kama aibu ya familia, kumbe ukitafuta kitu kilichowaunganisha kabaila, mchungaji, mkulima na mhamiaji wa Berlin kwenye uwanja mmoja wa kijiji, si kitani, ni Gorleben. Na ukiondoa hiyo unabaki na majumba mazuri yanayouzwa. Bei zikipanda mtoto wa mkulima hanunui tena, ananunua mwenye mshahara wa Hamburg anayekuja wikiendi, taa zinawaka Ijumaa zinazimwa Jumapili. Kijiji cha duara kina ubaya wake, nyumba zote zinatazamana, kwa hiyo nyumba tatu zikiwa tupu kila mtu anaziona. Sahau ilitunza mbao kwa kuwaondoa vijana, umaarufu unaweza kuzitunza vilevile kwa kuwaondoa waliobaki, na hakuna polisi wa kugombana nao safari hii wala pa kupaki trekta kuzuia.

Kuna na ile ya ghala. Kibali cha kuhifadhi yale makontena kinaisha 2034, wakati BGE yenyewe imesema uamuzi wa eneo la kudumu huenda ukapatikana kati ya 2046 na 2068. Hesabu haihitaji kalkuleta: makontena yatakuwepo baada ya kibali, na atakayeombwa aendelee kuyabeba ni wilaya ileile yenye watu wachache kuliko zote, ambayo kelele zake zimepungua kwa sababu kila mtu kaambiwa ameshinda. Kama kweli wanaandika faili la urithi basi kwenye ramani ya watalii waweke Satemin, waweke Lübeln, waweke gofu la Dömitz, na waweke ghala la Gorleben kwa herufi za ukubwa uleule.